Usafi wa Bunduki ya Nusu-otomatiki katika Hewa ya Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo walinzi, wawindaji na wamiliki wenye leseni wameyarudia kwa miaka mingi kwenye dirisha la ghala la silaha nililokuwa nikilisimamia jijini Dar es Salaam. Mfano unaotumika zaidi hapa ni SKS, ambayo wengi wetu tunaiita SAR, lakini nimeeleza pia pale ambapo bunduki nyingine zinatofautiana nayo.

## Mambo ya msingi

Bunduki ya nusu-otomatiki hufanyaje kazi, na kwa nini huchafuka kuliko ile ya kukoki kwa mkono?

Bunduki ya nusu-otomatiki hutoa risasi moja kila unapovuta kifyatulio, kisha yenyewe hutupa ganda na kuingiza risasi nyingine chemba, yaani chumba cha risasi kilicho nyuma ya mtutu, kwa nguvu inayotokana na baruti iliyoungua. Katika SKS, iliyobuniwa na Sergei Simonov mwaka 1945, sehemu ndogo ya gesi hupenya kwenye tundu lililo juu ya mtutu, husukuma pistoni, na pistoni hukirudisha nyuma kibebeo cha boliti, yaani kile kinachobeba kipande cha chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma. Katika bunduki za jamii ya AR-15, ambazo ubunifu wake ulitokana na Eugene Stoner, gesi hupitishwa kwenye kibomba chembamba hadi ndani ya kibebeo chenyewe, kwa hiyo masizi hujikusanya karibu na boliti. Bunduki nyingi ndogo za .22 hazitumii gesi ya pembeni kabisa: ganda lenyewe huisukuma boliti nyuma, na uchafu wake ni mchanganyiko wa masizi, nta na madini laini ya risasi (ledi) yanayokwanguka.

Anayekoki kwa mkono huuhisi uchafu kwenye kiganja, naye huongeza nguvu. Gesi haiongezi nguvu. Kila msuguano unaoongezeka hula sehemu ya nguvu ileile, hadi siku ganda linapobaki limebanwa nusu ndani, nusu nje.

Je, ninaruhusiwa kuifungua mwenyewe?

Kuifungua kwa ajili ya usafi wa kawaida ni sehemu ya kazi ya anayeimiliki kwa leseni au aliyekabidhiwa kihalali. Kuibadilisha, kuikarabati au kuchonga kipuri ni jambo jingine. Umiliki wa silaha nchini unasimamiwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na matengenezo ni kazi ya fundi wa silaha aliyeidhinishwa. Kumwachia jirani bunduki "aipitishie kitambaa tu" ni kosa hata kama jirani huyo ni mstaafu wa jeshi mwenye mikono mizuri.

Ninahakikishaje kwamba haina risasi?

Elekeza mtutu upande ambao risasi ikitoka haitamdhuru mtu, ukikumbuka kwamba ukuta wa matofali ya saruji si kinga ya uhakika. Ondoa kidole kwenye kifyatulio. Toa kwanza risasi zilizo kwenye magazini, kisha ndipo uvute boliti nyuma. Mpangilio huu ndio roho ya jambo lenyewe: ukivuta boliti kwanza na magazini ingali na risasi, boliti inaporudi mbele huchukua risasi nyingine na kuiingiza chemba, nawe utachomoa magazini ukidhani umemaliza.

Magazini ya SKS haichomoki. Hubeba risasi 10 na hufunguliwa kwa chini, kwa kitufe kilicho mbele ya kinga ya kifyatulio, na risasi zote humwagika kiganjani. Baada ya hapo vuta boliti, tazama chemba kwa macho, kisha ingiza kidole kidogo uguse. Macho huzoea kuona kilichotarajiwa, kidole hakizoei. Mwisho, risasi zote zitoke nje ya chumba kabla hujashika kitambaa. Sote tumewahi kusikia habari ya bunduki "iliyofyatuka ikisafishwa", na karibu kila mara maana yake ni kwamba hatua moja kati ya hizi ilirukwa.

Nisafishe mara ngapi?

Ikifyatuliwa, siku hiyohiyo. Isipofyatuliwa, hapa jijini hesabu haifuati idadi ya risasi bali hewa. Bunduki ya mlinzi anayekesha nje inapaswa kufutwa kila inaporudishwa ghalani na kufunguliwa mara moja kwa wiki. Ile inayokaa kabatini nyumbani, mara moja kwa mwezi, na kila wiki mbili wakati wa masika. Anayelinda Kigamboni, Msasani au Mbezi Beach, ambako upepo huleta chumvi, asisubiri wiki.

## Vifaa na mafuta

Ninahitaji vifaa gani?

Fimbo ya kusafishia inayolingana na mtutu, brashi ya shaba ya kipimo chake, mswaki wa zamani, vitambaa vya pamba, kiyeyusha masizi, mafuta ya bunduki na grisi kidogo. SKS nyingi zilitengenezwa zikiwa na fimbo yake chini ya mtutu na kikopo cha vifaa ndani ya kitako, lakini kikopo hicho mara nyingi kimeshapotea. Fulana kuukuu ya pamba, ikikatwa vipande vya mraba na kufuliwa bila wanga, ni bora kuliko vitambaa vingi vya dukani. Brashi ya waya wa chuma iache kwa mafundi wa kuchomelea wa mtaa wa Gerezani.

Je, mafuta ya cherehani yanafaa? Na ya kupikia?

Mafuta ya cherehani ni mepesi na safi, nayo hulainisha vizuri kwa muda mfupi. Udhaifu wake ni kwamba hukimbia upesi na hayazuii kutu kwa muda mrefu, kwa hiyo ukiyatumia, rudia baada ya siku chache.

Mafuta ya kupikia hayafai hata kidogo. Ya alizeti hushika hewa na kugeuka utomvu unaonata, kama ule unaoukwangua pembeni mwa kikaango. Ya nazi huchacha, na chini ya nyuzi joto 24 hivi huganda. Niliwahi kupokea bunduki kutoka chumba chenye kiyoyozi kikali ambayo boliti yake ilikuwa nzito kama imetiwa gundi. Nilipoifungua nikakuta mafuta meupe yaliyoganda na harufu ya mapishi ya Ijumaa. Mwenye nayo aliniambia kwamba nje, juani, ilikuwa inafanya kazi vizuri sana. Alisema kweli.

WD-40 je?

Herufi hizo mbili zinatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya kufukuza maji, na 40 ni idadi ya majaribio hadi mchanganyiko ukakubali. Itumie kwa kazi hiyo: kuondoa maji kwenye bunduki iliyolowa. Baada ya hapo ifute na upake mafuta halisi ya bunduki, kwa sababu utando inaouacha ni mwembamba.

Mafuta ya taa, petroli au oili ya gari?

Mafuta ya taa huyeyusha masizi na grisi kuukuu vizuri, mradi uyafute yote na kupaka mafuta mara moja, kwa kuwa chuma kilichooshwa nayo hubaki mtupu. Petroli usiitumie: mvuke wake hushika moto kwa cheche ya swichi. Oili ya injini ambayo haijatumika inaweza kukuokoa siku ambayo huna kingine. Ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini ina masizi na tindikali, nayo itakuharibia chuma ulichotaka kukilinda.

Nitumie mafuta au grisi?

Kinachozunguka kwenye pini hupewa tone la mafuta. Kinachoteleza kwa uzito, kama kibebeo cha boliti kwenye njia zake, kinaweza kupewa grisi nyembamba. Hata hivyo, bunduki ikipelekwa mahali penye vumbi, tuseme inapandishwa Dodoma wakati wa kiangazi, grisi hugeuka sandapepa. Huko tumia mafuta kidogo na usafishe mara nyingi zaidi.

## Kazi yenyewe

SKS hufunguliwaje kwa ajili ya usafi?

Ukishathibitisha kwamba haina risasi, inua mkono mdogo ulio upande wa kulia nyuma ya bodi (kiwiliwili cha chuma kinachobeba boliti) hadi usimame, kisha uuvute utoke kulia kadiri unavyokubali. Kifuniko cha juu kitatoka pamoja na springi ya kurudishia. Kishikilie, kwa sababu springi ina haraka kuliko wewe. Vuta kibebeo nyuma ukiinue, na boliti itatoka nacho. Mkono mwingine mdogo, ulio pembeni mwa kilengeo cha nyuma, ukiinuliwa huachia bomba la gesi lenye pistoni ndani yake. Kwa usafi wa kawaida, ishia hapo. Mkusanyiko wa kifyatulio hautolewi kila wiki, na sehemu zake ndogo zisifunguliwe na asiye fundi.

Panga vipande kwenye kitambaa cheupe kwa mfuatano uleule ulivyotoka, kutoka kushoto kwenda kulia, ili wakati wa kurudisha usome kutoka kulia. Katika miaka yote niliyokaa ghalani sikuona njia iliyookoa vipuri vingi kuliko hiyo.

Mtutu usafishwe kutokea upande gani?

Pale ambapo muundo unaruhusu, kama kwenye bunduki za AR-15, ingiza fimbo kutokea chemba. SKS haina nafasi hiyo, kwa hiyo fimbo huingilia mdomoni. Mdomo wa mtutu ndio unaoiaga risasi, na ukilika upande mmoja kwa kusuguliwa na fimbo, risasi huondoka imepinda njia. Tumia kizibo cha kuongoza fimbo, na kama hakipo, iongoze kwa vidole viwili ili isiguse kingo.

Anza na kitambaa chenye kiyeyusha, subiri dakika kumi, pitisha brashi mara kadhaa bila kuigeuza njia ikiwa katikati ya mtutu, kisha fuata na vitambaa vikavu hadi kimoja kitoke kama kilivyoingia. Malizia na kitambaa chenye mafuta kidogo.

Chemba ina umuhimu gani wa pekee?

Chemba chafu hulikumbatia ganda. M16 za mwanzo, bunduki za jeshi la Marekani zilizopelekwa Vietnam, zilikwama kwa sababu kadhaa zilizokutana: aina ya baruti ilibadilishwa, vifaa vya usafi vilikuwa haba, na chemba hazikupakwa kromi. M16A1 ya mwaka 1967 ilikuja na chemba ya kromi, na vifaa vya usafi vikasambazwa. SKS nyingi za Kirusi na za Kichina zina kromi ndani ya mtutu. Zile za Yugoslavia hazina, kwa hiyo zinahitaji uangalizi wa karibu zaidi. Tumia brashi pana ya chemba, kisha kausha kabisa. Sababu ya kukausha imo katika jibu linalofuata.

Mafuta yawekwe wapi, na wapi yasiwekwe?

Weka utando mwembamba kwenye njia za kibebeo, kwenye sehemu za boliti zinazosuguana, kwenye springi ya kurudishia na juu ya chuma chote cha nje. Ukigusa kwa kidole, kidole kitoke kinang'aa bila kudondosha. Mafuta yanayotiririka hukusanya vumbi, huingia kwenye mbao za kitako na kuzilainisha.

Usiweke mafuta kwenye pistoni na ndani ya bomba la gesi, kwani joto la hapo huyaunguza na kuyageuza kaboni ngumu. Usiweke ndani ya magazini wala kwenye risasi, kwa sababu mafuta yanaweza kupenya hadi kwenye fataki, yaani kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi, na kuiua. Chemba nayo iwe kavu: wakati wa mlipuko ganda hutanuka na kushika kuta za chemba, na kuta zikiwa na mafuta, msukumo mkubwa zaidi huiangukia boliti. Kwa sababu hiyohiyo, bunduki iliyokuwa imehifadhiwa na mafuta mtutuni hupitishwa kitambaa kikavu kabla ya kutumika.

Kitambaa kinatoka na rangi ya kijani au buluu. Je, ni kutu?

Hapana. Hayo ni mabaki ya shaba kutoka kwenye kichwa cha risasi yakiyeyushwa na kiyeyusha chenye amonia. Kumbuka tu kwamba brashi yako nayo ni ya shaba, hivyo unaweza kujikuta ukiifukuza rangi ya brashi mchana kutwa. Amonia usiiache mtutuni muda mrefu kuliko maelezo ya chupa.

Je, kuna madhara ya kiafya?

Masizi ya risasi yana madini ya risasi, yale yale yanayoitwa ledi. Safisha mahali penye hewa, usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini, nawa kwa sabuni na maji baridi, na usiitumie meza ya chakula. Watoto huathirika zaidi, hivyo vitambaa vichafu vifungwe na kutupwa mbali nao.

## Unyevu, chumvi na uhifadhi

Sijafyatua hata risasi moja mwaka mzima. Kutu imetoka wapi?

Imetoka hewani na mikononi mwako. Jasho lina chumvi, na chumvi huvuta maji. Baada ya masika moja nilifungua kabati nikakuta kwenye bodi ya bunduki alama nne za rangi ya kahawia zilizopangana vizuri: vidole vya mtu aliyeihesabu siku ya ukaguzi na kuirudisha bila kuifuta. Ungeweza kuziona mpaka chapa za vidole. Tangu siku hiyo kitambaa chenye mafuta kilining'inia mlangoni mwa ghala, na hakuna aliyeruhusiwa kurudisha bunduki bila kukipitisha.

Ghala letu lina kiyoyozi. Je, hilo halitoshi?

Kiyoyozi husaidia bunduki ikiwa ndani. Tatizo huja inapotoka. Hewa ya nyuzi joto 30 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo ni ya kawaida hapa, huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 25 au chini yake. Bunduki iliyolala kwenye chumba cha nyuzi 20 ikitolewa nje hulowa palepale, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na hulowa hata ndani ya mtutu. Iache ikiwa imefunikwa hadi ipate joto la nje, kisha ifute. Mlinzi anayekabidhiwa silaha saa 12 jioni na kuirudisha alfajiri huipitisha kwenye umande huo kila siku ya kazi.

Niihifadhi kwenye mkoba wake wa ngozi?

Mkoba ni wa safari. Ngozi hushika unyevu, na hubaki na chumvi za kiwandani zinazokila chuma. Ihifadhi kabatini, imefungwa kwa kufuli, risasi zikiwa mahali pake tofauti, pamoja na pakiti za kukausha unyevu ambazo hukaushwa upya zikishiba. Ukiisimamisha mdomo ukiangalia chini, mafuta hayatashuka kwenye mbao za kitako.

Kutu imeshaanza. Nifanyeje?

Ikiwa ni ya juujuu, iloweshe kwa mafuta kwa saa chache, kisha sugua taratibu kwa sufi ya chuma iliyo laini kabisa, ile ya namba 0000. Sandapepa itaondoa kutu pamoja na rangi inayokilinda chuma. Vishimo vikionekana, hasa kwenye chemba au mtutu, mpelekee fundi aliyeidhinishwa.

## Hali zisizo za kawaida

Nimetumia risasi za zamani za kijeshi. Mafuta tu hayatoshi?

Hayatoshi. Fataki nyingi za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha chumvi inayofanana kitabia na ya mezani. Mafuta hayaiyeyushi, bali huifunika tu, nayo huendelea kuvuta maji chini ya utando huo. Chumvi huondolewa kwa maji. Mimina maji ya moto mtutuni, kwenye bomba la gesi na juu ya pistoni, kausha mara moja, kisha safisha kama kawaida. Kwa hewa yetu, kutu ya namna hii inaweza kuonekana asubuhi inayofuata.

Bunduki imetoka ghalani ikiwa imejaa grisi nzito. Niifute kwa nje tu?

Usifanye hivyo. Pini ya kupigia ya SKS nyingi haina springi ya kuirudisha; inacheza huru ndani ya boliti. Grisi kavu ikiigandisha ikiwa imetokeza mbele, boliti inapojifunga inaweza kugonga fataki bila kifyatulio kuguswa, na risasi zikafuatana. Loweka boliti kwenye mafuta ya taa hadi grisi iishe, kausha, kisha itikise karibu na sikio. Lazima usikie pini ikicheza. Usiposikia, haitumiki.

Ilivutwa kifyatulio mara moja ikatoa risasi mbili.

Acha kuitumia, toa risasi, ipeleke kwa fundi. Sababu inaweza kuwa pini iliyoelezwa hapo juu au sehemu za kifyatulio zilizolika, na zote mbili si za kukisia.

Imezama kwenye maji ya mafuriko au baharini.

Toa risasi kwanza na usizitumie tena. Ziripoti kwa msimamizi wako au polisi. Suuza bunduki kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mengi kuliko unavyodhani yanatosha, kwa kuwa matope ya bonde la Jangwani na chumvi ya bahari hujificha kwenye springi. Fungua vipande vyote vya usafi wa kawaida, fukuza maji, kausha, paka mafuta, na urudie siku ya pili na ya tatu. Katika hali hii mkusanyiko wa kifyatulio ni lazima ufunguliwe na fundi.

Mtutu umeziba, na sikumbuki kuacha kitambaa ndani.

Chungulia kwa mwanga kutokea chemba. Nyigu wa matope hupenda matundu ya ukubwa huo, nao hujenga kwa siku chache tu kwenye bunduki iliyoachwa wima penye dirisha wazi. Udongo wao ukikauka unatosha kuupasua mtutu risasi ikipigwa. Lainisha kwa maji, sukuma taratibu kwa fimbo, suuza, kisha fuata usafi wa kawaida. Usijaribu kuuzibua kwa kufyatua risasi. Swali hilo huulizwa kwa mzaha, lakini huulizwa.